Barabara ya majani chai ilijengewa nani? Uzi kuhusu Roret, lori, boda na baiskeli

1. Kila msimu wa kampeni barabara za mashambani hurudi mdomoni na maneno yaleyale. "Boda wamezidi." "Madereva wa lori hawana utu." "Watoto wanatembea katikati ya barabara kama kwao." Anayeomba kura anaahidi lami, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie hizi barabara zilitoka wapi, kwa sababu naona ugomvi wetu mwingi ulichorwa kwenye ramani kabla hatujazaliwa.

2. Mfano wangu ni Roret, kituo cha biashara huku Bureti, Kaunti ya Kericho, nchi ya chai na mananasi. Simama kando ya barabara saa moja asubuhi uhesabu. Wanafunzi kwa miguu. Mama na kikapu cha majani mgongoni. Boda aliyefunga mitungi ya maziwa pande zote mbili. Punda. Mzee na baiskeli yake. Trekta na tela. Probox imejaa hadi buti. Halafu lori la majani. Wote njia moja, na magari makubwa mawili yakikutana, moja linashuka karibu na mtaro.

3. Tuanze mbali kidogo. Kabla ya gari, njia za huku zilikuwa za miguu na mifugo, na mambo ya ujirani yaliamuliwa na kokwet, baraza la majirani. Kwa Kikipsigis, neno oret ni njia, na pia ni ukoo. Mtu hakuwa na njia peke yake, kama vile hana ukoo peke yake.

4. Mkoloni alipokuja, barabara ikawa amri. Sheria ya Native Authority ya 1912 iliwapa viongozi waliowekwa na serikali uwezo wa kuwaita watu wa kijiji kufanya kazi za umma, barabara zikiwemo, bila mshahara. Kumbuka jambo hili, maana tutafika kwenye hoja ya "nani analipia barabara". Babu zetu walilipa kwa jembe.

5. Reli ilifika Kisumu 1901, na stesheni ya karibu na Kericho ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Baada ya Vita vya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho walipewa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia, na kazi ya barabara ikawa moja: kutoa mzigo shambani, kuupeleka kiwandani, kisha kwenye reli.

6. Huo ndio msingi. Barabara haikuchorwa kwa kuuliza mtoto anafikaje shule au mama anafikaje soko. Ilichorwa kwa kuuliza mzigo unatokaje. Na wenyeji hawakuruhusiwa kupanda chai yenyewe. Waliwauzia wafanyakazi wa mashamba makubwa mahindi, lakini zao la chai lilikuwa la wengine.

7. Mambo yalibadilika na mpango wa kilimo wa 1954, ulioanza kufungua mazao ya biashara kwa Waafrika. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo, na 1964 ikazaliwa KTDA. Sasa chai ikaingia kwenye vishamba vya ekari moja au mbili, huku na huku milimani. Mzigo haukutoka tena shamba moja kubwa. Ulitoka kwa maelfu ya watu.

8. Jani bichi la chai halingoji. Ukilichuna asubuhi, linatakiwa kufika kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linapata joto, linaharibika, na bei inaenda nalo. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1960 Kenya ilipata mkopo wa Benki ya Dunia mahsusi wa barabara za chai. Ulikuwa mradi mzuri, na umesomesha watoto wengi huku kwetu. Hilo lazima lisemwe.

9. Lakini tazama hesabu ilivyopigwa. Mkulima abebe majani mgongoni hadi kituo cha kupimia. Lori lipite kituo hadi kituo. Barabara iweze kubeba lori wakati wa mvua. Basi. Mguu wa mkulima ulikuwa sehemu ya mpango, kwa sababu bila huo mguu jani halifiki kituoni. Mahali pa kuukanyagia huo mguu ndipo hapakupangwa.

10. Mwaka 1974 serikali ikaanza mpango wa barabara za kufikia vijijini, uliotumia watu wengi na mashine chache. Ulifungua sehemu nyingi nchini. Ila zilikuwa barabara za gari moja, upana wa mita nne hivi. Kwa magari ya wakati huo ilitosha. Yalikuwa machache, na tope lenyewe lilikuwa trafiki polisi: hakuna aliyekimbia kwenye changarawe yenye mashimo.

11. Huo ndio wakati wa baiskeli, ile nyeusi nzito tuliyoiita Black Mamba. Ilibeba maziwa, mkate, gunia la mahindi, mgonjwa, bibi harusi. Lori likipanda mlima kwa kunguruma, mwenye baiskeli alisikia mapema, akashuka, akasukuma kando. Watu husema zamani kulikuwa na heshima barabarani. Heshima ilikuwepo, sikatai. Lakini pia mwendo wa kila mtu ulikaribiana.

12. Halafu boda. Ilianzia mpakani Busia na Malaba kwa baiskeli za kuvusha watu kati ya vituo viwili vya forodha. Bajeti ya 2008 ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, na kufikia 2010 pikipiki mpya zaidi ya 100,000 zilisajiliwa nchini kwa mwaka huo mmoja. Vijana wakapata kazi, wagonjwa wakafika hospitali usiku. Barabara ikabaki na upana uleule.

13. Baada ya hapo ikaja lami nyepesi ya vijijini, ile programu ya kilomita 10,000. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kampeni ina lami. Lakini pale ilipofika kweli, ilisaidia. Nauli ikawa nafuu, jani likafika likiwa zima. Shida ni kwamba mara nyingi lami ilimwagwa juu ya njia ileile nyembamba. Tope likaondoka, mwendo ukapanda, na ukingo wa kutembelea haukuongezwa.

14. Sasa weka pamoja. Mtembea kwa miguu anaenda kilomita 5 kwa saa. Baiskeli 15. Trekta na tela labda 20. Boda 60. Probox inayowahi abiria, 80. Wote kwenye kitambaa kimoja cha lami, kona za milimani, ukungu wa asubuhi, na chai imepandwa hadi ukingoni huoni mbele. Hapo hata dereva mwenye adabu ya mchungaji atamgonga mtu siku moja.

15. Kaunti yetu inajua gharama. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwenye watu kando ya barabara kuu. Zaidi ya watu 50 walikufa: wachuuzi, watu wa boda, abiria waliokuwa wanangoja gari. Ile ni barabara kuu, si njia ya kijijini. Lakini swali ni lilelile: watu walikuwa pale kwa sababu biashara ya barabara iko pale, na hawakuwa wametengewa pengine.

16. Baada ya ajali kama ile, mjadala hukimbilia tabia: dereva, breki, wachuuzi wakaidi. Tabia ni muhimu, sitetei ulevi wala magari mabovu. Lakini angalia takwimu za NTSA mwaka baada ya mwaka. Kundi linalokufa zaidi barabarani Kenya ni watembea kwa miguu, kisha watu wa pikipiki. Wanaotangulia kufa ni wale ambao barabara haikuwatengea nafasi. Mwaka hadi mwaka, mpangilio uleule.

17. Sheria je, ipo? Ipo. Sheria ya Trafiki ya 1953, tunayoitumia mpaka leo pamoja na marekebisho yake, inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, na pia ndani ya kituo cha biashara. Yaani Roret imo. Kibao kiko wapi? Matuta yako wapi? Sheria isiyo na kibao dereva mgeni ataijuaje?

18. Kuna hoja ninayoisikia sana: "Mwenye baiskeli na mwenye punda hawalipii barabara, wakae kando." Hebu tuihesabu. Ushuru wa kutunza barabara unakatwa kwenye mafuta, na Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwenye baiskeli hanunui petroli, kweli. Lakini anachuna majani, na gharama za kuyasafirisha hadi kiwandani hutoka kwenye malipo yake. Yeye ndiye anayelipa mafuta ya lile lori, na ushuru wake umo ndani. Tena anakanyaga ardhi iliyochimbwa na babu yake bila mshahara.

19. "Basi serikali ipanue." Ipi? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti barabara za kaunti na kuiachia serikali kuu barabara kuu za taifa. KeRRA, iliyoundwa na sheria ya 2007, bado inashughulikia barabara za vijijini. Tangu 2024 magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo wa mafuta. Wakati wanavutana, mtaro wa Roret unaziba, maji yanakula ukingo, na mtoto anasogea katikati.

20. Na sisi pia tujiseme. Ardhi ya akiba ya barabara tumeila. Mstari mmoja wa chai leo, ua kesho, kibanda keshokutwa. Ukimwambia mkulima wa ekari moja arudishe mita mbili, hiyo ni chai ya karo. Simlaumu, lakini anayeahidi njia ya miguu bila kutaja vichaka vya nani vitang'olewa na fidia itatoka wapi, anakuimbia tu.

21. Mtu atasema, "Hiyo ya njia za baiskeli ni ya Wazungu." Hapana. Uholanzi ya 1971 ilizika zaidi ya watu 3,000 waliouawa na magari kwa mwaka mmoja, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana, wakabana wanasiasa, na miji ikaanza kuchorwa upya. Hawakuzaliwa na baiskeli mkononi. Waligombana mpaka ramani ikabadilika.

22. Kwa hivyo mheshimiwa mtarajiwa akisimama Roret, Litein au Kapkatet na kusema "nitawaletea lami", mpigie makofi, kisha muulize haya:
– Lami hiyo ina upana gani, na ukingo wa miguu na baiskeli una upana gani?
– Trekta na lori vitapishana wapi? Kuna sehemu za kungojea kwenye kona?
– Kituo cha kupimia majani na stendi ya boda vitakaa wapi, ndani ya lami au nje?
– Mbele ya shule kutakuwa na matuta na kibao cha 50 siku ya kufungua, au baada ya mazishi?
– Nani atazibua mtaro mwaka wa tatu, na kwa hela za mfuko gani?

23. Wengi hawataweza kujibu, na hilo nalo ni jibu. Wachache watasema gharama itapunguza kilomita: badala ya 20 utapata 14. Huyo msikilize vizuri, maana anakuambia bei halisi. Mimi ningechukua zile 14 zenye mahali pa mtoto kutembea. Wewe je? Kama uko Bureti, Konoin, Sotik au Belgut, andika hapo chini barabara yenu ina upana wa hatua ngapi. Pima kwa miguu yako.