Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini yuko mtoto ambaye hata kwao hachezi. Wenziwe wakishikana mikono uwanjani, yeye husimama kando akiupeperusha ukuti mbele ya macho yake, au huziba masikio makelele yanapozidi. Zama hizi hali yake huitwa usonji. Na namna matabibu walivyomtazama ni kisa cha mwili uliotambuliwa mapema, ukasahauliwa, kisha ukakumbukwa.

Mwaka 1925, mjini Moscow, daktari Grunya Sukhareva alichapisha habari za wavulana sita aliowachunguza kwa makini. Pamoja na kueleza upweke wao, aliandika kwamba miondoko yao ilikuwa mizito na isiyolingana. Shule ya tiba waliyokuwamo iliwapa mazoezi ya viungo, uchoraji na useremala. Maandishi hayo hayakuvuma. Aliyepata sifa ni Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyeeleza habari za watoto 11 mwaka 1943.

Baada ya hapo mjadala ukahamia katika nafsi ya mtoto, na kutoka nafsini ukaangukia mlangoni kwa mama. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitetea kuwa chanzo kimo katika maumbile ya ubongo. Hata hivyo, mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichowatia wazazi lawamani kwa ubaridi wa mapenzi yao. Mama wangapi walibeba mzigo usio wao!

Mwili ulirejea kwa njia nyingine. Mwaka 1972 Jean Ayres wa California alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ubongo unavyopanga habari ziletwazo na ngozi, viungo na sikio la ndani linaloongoza mizani ya mwili. Tiba yake ilitumia bembea, kupanda, kusukuma na kurusha. Yaani, ilimrudisha mtoto mchezoni.

Kwa watu wa mwambao, hayo si mageni. Mtoto achezaye mdako hurusha kijiwe juu, akakomba vingine shimoni, akakidaka cha kwanza kabla hakijatua: jicho, mkono na subira hufanya kazi pamoja. Kuruka kamba hufunza mizani na mapigo. Katika ukuti, watoto huzunguka wameshikana mikono, na wimbo ukifika mwisho wake wote hushuka chini.

Ama si kila mchezo umfaao mtoto huyu. Rede humtoa anayepigwa mpira, naye amekwisha kutolewa mara nyingi. Ukuti haumtoi mtu. Wimbo humpa habari ya kitakachofuata, na kila mzunguko hufanana na uliopita; kule kurudiarudia, ambako kwingine huhesabiwa kuwa dosari yake, hapa ndiko sheria ya mchezo. Mtaalamu wa tiba ya viungo, au mama nyumbani, aweza kupunguza duara hadi watu watatu, akateremsha sauti, na asiyependa kuguswa akaachiwa ashike pindo la kanga badala ya mkono.

Wala isidhaniwe kuwa mchezo huondoa usonji. Hata njia ya Ayres ilipopimwa Uingereza kwa watoto 138, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha kuwa inaishinda huduma ya kawaida. Basi ahadi na iwe ya kiasi: mguu ulio thabiti zaidi, zamu inayongojewa, na kicheko kinachoshirikiwa na wengine.

Wahenga hawakusema hutunzwa achezaye vizuri. Walisema achezaye kwao. Mtoto aliyesimama kando na ukuti wake mkononi angojea wakubwa waufanye uwanja ule uwe kwao pia.