Ile pakiti ya ORS imepitia kwa wakimbizi

Ndugu zetu vijana, ile pakiti ya ORS tunayogawa nyumba kwa nyumba, wengi tunaiona ni kitu kidogo tu. Kumbe historia yake imepitia kwa wakimbizi kama sisi.

Mwaka 1971 vita ilipolipuka Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kikawavamia. Daktari Dilip Mahalanabis alipofika alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, vyumba viwili vimejaa. Dripu hazitoshi, na kwenye timu yake waliojua kuziweka ni wawili tu.

Sasa afanye nini? Hakubahatisha. Mwaka 1968 huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walifanya utafiti kwa wagonjwa wa kipindupindu, wakaonyesha kwamba anayekunywa maji yenye glukosi na chumvi anahitaji dripu kidogo sana. Glukosi husaidia utumbo kupokea chumvi na maji, hata mtu akiwa bado anaharisha. Ila huo utafiti ulifanyika hospitalini, madaktari wakiwa pembeni. Madaktari wengi hawakuamini kwamba ungefaa kambini.

Yeye akaamua. Kwa kila lita ya maji walitia glukosi gramu 22, chumvi 3.5 na baikaboneti 2.5. Waliozidiwa kabisa waliwekewa dripu kwanza. Na wanyweshaji ni nani? Mama, kaka, shangazi wa mgonjwa, wakimbizi wenyewe, kikombe kwa kikombe.

Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 walikuwa wanakufa 30 hivi. Kwenye kituo chake wakawa hawafiki 4. Na waliandika hesabu zote katika vurugu ile ile, ndiyo maana baadaye dunia ikaamini.

Lakini dawa kujulikana tu haitoshi. Mwaka 1994 kule Goma, karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kuharisha. ORS ilikuwepo duniani, ila maji safi na wanyweshaji havikuwafikia mapema.

Kwa hiyo tukija na daftari kuuliza nani anaharisha, tangu lini, amekunywa vikombe vingapi, msituchoke. Tunaendeleza kazi ya Bangaon.