Historia ya Kunoa Vikatio vya Meno

Wanahistoria wa ufundi wamezoea kutusimulia habari za mashine zinazokata chuma. Ni wachache wanaotusimulia habari za kuzinoa. Msomaji wa vitabu vyao hupewa majina ya wavumbuzi na miaka ya uvumbuzi wao, lakini haambiwi lililotokea siku makali yalipokwisha. Nami naona kwamba jambo hilo lililoachwa pembeni ndilo lililoamua, zaidi ya mara moja, ni nani awezaye kumiliki mashine na ni nani asiyeweza.

Hapana budi kwanza tukieleze chombo chenyewe. Katika kukereza, kazi ndiyo izungukayo na kikatio hutulia. Katika mashine ya kuchonga chuma, mambo hugeuka: kikatio ndicho kizungukacho, na kazi husogezwa polepole mbele yake. Kikatio hicho ni kipande cha feleji cha mviringo chenye meno kuzunguka ukingo wake. Kipo pia kingine, chembamba mfano wa keekee, ambacho meno yake yamo ubavuni na katika ncha vilevile. Hiki nitakiita kikatio cha ncha. Nyuma ya makali, kila jino sharti lirudi chini kidogo, kadiri ya digrii tano hadi saba, ili kisogo cha jino kisiisugue kazi. Mwinamo huo mdogo ndio roho ya kunoa. Ukizidi, jino hudhoofika na kumegeka. Ukikosekana, kikatio husugua badala ya kukata, kikapata moto na kuharibika.

Lugha yetu, niseme kwa kupita, haina umaskini katika uwanja huu. Tunacho kinoo, tunayo tupa, na tunao msasa, uliopata jina lake kwa mti ambao majani yake makavu hukwaruza mbao. Tunayo pia cherehe, lile jiwe la duara linalozungushwa ili kunolea visu, neno ambalo ni ndugu wa cherehani, na asili yao ni Kiajemi chenye maana ya gurudumu. Kwa hiyo sioni haja ya kuazima neno jingine la mashine ya kunolea. Cherehe yatosha.

Kikatio cha meno kilicho miongoni mwa vile vya kale kabisa vinavyojulikana hunasibishwa na Mfaransa Jacques de Vaucanson, aliyeishi kuanzia 1709 hadi 1782. Meno yake yalikuwa madogo mno na yenye kusongamana, mfano wa meno ya tupa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikatio vya awali kwa jumla, na sababu yake ni nyepesi kufahamu: meno yalichongwa kwa mkono, kwa patasi na nyundo, na fundi aliiga chombo alichokijua. Lakini jino dogo halina nafasi ya kupokea chembe za chuma zinazokatwa, wala halina mwili wa kunolewa mara nyingi.

Vikatio hivi vilipata kazi kubwa katika karakana za silaha za Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambako serikali ilitaka bunduki ambazo kipande cha moja kingeingia katika nyingine bila kurekebishwa. (Vitabu vingi vya zamani humpa Eli Whitney sifa ya kutengeneza mashine ya kwanza ya kuchonga mwaka 1818. Mwaka 1960 mwanahistoria Robert Woodbury aliitilia hadithi ya Whitney shaka nzito, na tangu hapo wajuzi wengi huitaja kwa tahadhari.) Sasa, kikatio kilipokuwa butu, ilifanywaje? Kilitiwa motoni hadi kikaiva wekundu, kikaachwa kipoe polepole ili kilainike. Fundi akapitisha tupa, jino baada ya jino. Kisha kikarudishwa motoni na kuchovywa ili kiwe kigumu tena, na mwisho kikapashwa moto wa kiasi ili kisivunjike kama kioo. Kila safari ya kwenda motoni ilikuwa ni bahati nasibu, kwa maana chuma huweza kupinda au kupasuka wakati wa kuchovywa. Tena mkono wa mwanadamu hauwezi kuyasawazisha meno thelathini kwa tupa. Lile lililo refu kuliko wenzake hubeba kazi yote, na wenzake hufuata nyuma bila kukata chochote. Kazi ya namna hiyo yaliimudu makarakana yenye wahunzi wa kudumu. Mtu mmoja kwake nyumbani hakuwa na nafasi humo.

Mageuzi yalitoka katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Frederick Howe, msimamizi wa kiwanda kilichokuwa kikitengeneza bunduki, aliwaona mafundi wake wakichonga kwa tupa mifereji iliyojipinda ya keekee, kazi ya kuchosha na ya gharama. Alilipeleka tatizo hilo kwa Joseph Brown, mmoja wa wenye kampuni ya Brown & Sharpe, naye Brown akabuni mashine ya kuchonga ambayo meza yake iliweza kugeuzwa kwa pembe huku kazi ikizunguka yenyewe kwa mwendo uliopimwa. Mashine hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1862. Habari hiyo yajulikana sana. Isiyojulikana sana ni ile ya miaka miwili baadaye, nayo, kwa rai yangu, ndiyo kubwa zaidi.

Mwaka 1864 Brown alipata hataza ya kikatio cha umbo kinachonoleka bila kupoteza umbo lake. Tufikiri kikatio cha kuchongea meno ya gia. Umbo la jino lake lazima liwe sahihi kabisa, kwa kuwa ndilo linaloachwa katika gia. Ukilinoa jino hilo kwa juu, unalila umbo lenyewe, na kikatio chako cha thamani kimekwisha. Brown alilitengeneza jino ili kila mahali utakapolikata, kuanzia mbele hadi karibu na kisogo, upate umbo lile lile, ila tu limeshuka kidogo kuelekea katikati ya kikatio. Basi unapokinoa huligusi umbo hata chembe. Unasaga uso wa mbele wa jino tu, na makali mapya yanayotokea yana sura ile ile ya makali ya kwanza. Jino hupungua unene hadi linapokuwa jembamba kupita kiasi, na siku hiyo ndiyo mwisho wake. Hapakuhitajiwa moto tena, wala mhunzi. Palihitajiwa jiwe zuri tu.

Na jiwe zuri lilikuwa adimu. Huko Sheffield, Uingereza, wanoaji wa visu na uma walitumia mawe ya mchanga, na vumbi lake liliwaua wengi kabla ya uzee. Madaktari wa karne ya 19 waliandika habari zao kwa masikitiko. Jiwe gumu zaidi, la emeri, lilichimbwa katika kisiwa cha Naxos cha Ugiriki, lakini ubora wake haukuwa sawasawa. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani, akipitisha umeme katika udongo uliochanganywa na makaa, alipata fuwele zenye kung'aa zilizokuwa ngumu mno. Aliziita Carborundum, na kwanza ziliuzwa kwa kipimo cha vito kwa wasuguaji wa vito. Muda si mrefu uliopita tangu hapo, mawe ya kutengenezwa yakaenea viwandani.

Yalikuja kwa wakati wake. Mwishoni mwa karne hiyo Frederick Taylor na Maunsel White, wakifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, walipata njia ya kuitia feleji moto mkali kiasi kwamba ikaendelea kukata hata ilipokuwa nyekundu kwa joto. Feleji hiyo ilionyeshwa Paris mwaka 1900. Tupa haiigusi, na kuilainisha kisha kuirudishia ugumu wake kwahitaji tanuri ambalo mhunzi wa kawaida hana. Tangu hapo, asiye na cherehe hana la kufanya na kikatio kilicho butu ila kukitupa au kumpelekea mwenye cherehe.

Hapo ndipo linapoingia jambo la karakana ya nyumbani. Uingereza walikuwako, na wako hata leo, watu wenye kutengeneza injini ndogo za mvuke kwa mikono yao katika vibanda vya uani. Jarida lao, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Wengi wao waliweza kununua mashine ndogo ya kukereza, lakini cherehe ya viwandani yenye kunoa vikatio ilikuwa kubwa kuliko kibanda na ghali kuliko mkoba. Katika miaka ya 1970, Profesa D. H. Chaddock alilichapishia jarida hilo michoro ya cherehe ndogo aliyoibuni, akaiita Quorn kwa jina la kijiji cha Leicestershire. Haikuwa mashine ya kununuliwa ikiwa tayari. Kila aliyeitaka aliijenga mwenyewe kutokana na vipande vya chuma cha kumiminwa.

Kanuni yake ni ile ile ya viwandani. Kidole cha chuma hulishika jino linalosagwa, ili kila jino lisagwe kwa kimo kimoja na wenzake. Kidole hicho huwekwa chini ya katikati ya kikatio, na umbali huo ndio unaozaa ule mwinamo nilioutaja: kwa kikatio chenye kipenyo cha milimita 20 na mwinamo wa digrii sita, kidole hushushwa milimita moja na kitu kidogo tu.

Hata hivyo mwenye kibanda hujua mipaka yake. Anaponoa ubavu wa kikatio cha ncha hupunguza kipenyo chake, na kikatio cha milimita 20 hakitachonga tena mfereji wa milimita 20. Kwa hiyo wengi hunoa meno ya ncha peke yake, ambayo ndiyo yanayotangulia kuchakaa, na ubavu huugusa mara chache. Vikatio vilivyokwisha kupunguzwa huwekwa kando kwa kazi zisizodai kipimo cha mfereji. Ama vile vya madini magumu ya tangisteni, vilivyoanza kuuzwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani katika miaka ya 1920, vyenyewe hutaka jiwe la almasi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Viwanda vingi siku hizi hutumia vipande vidogo vya madini hayo vinavyofungwa kwa skrubu na kutupwa vikiisha makali, na katika viwanda hivyo kijana anaweza kufanya kazi miaka mingi asiwahi kunoa jino hata moja. Uani kwa mwenye kibanda, kikatio cha feleji hurudishwa kwenye kidole, jino la kwanza hutiwa alama ya wino ili lijulikane, na mwendo huanza upya.