Haidrojeni za Ndani ya Pete

Vitabu vingi huanza habari ya benzeni kwa ndoto. August Kekulé alisinzia mbele ya moto, akaona nyoka aliyejiuma mkia, akaamka na umbo la pete kichwani. Msimulizi ni Kekulé mwenyewe, lakini alisimulia hayo Berlin mwaka 1890, kwenye sherehe ya kumpongeza, miaka 25 baada ya kuchapisha wazo lake mwaka 1865. Sisi wa historia tunajua namna ya kuupima ushahidi wa mtu anayejisifia kazi yake mbele ya wageni. Hata hivyo sina haja ya kubishana na ndoto. Ninachotaka kueleza ni jambo ambalo ndoto imelifunika: wanakemia walijuaje kwamba elektroni za pete ile kweli huizunguka? Jibu langu ni kwamba walilijua kwa sumaku, na kwamba benzeni yenyewe ilikuwa ndogo mno kutoa ushahidi uliohitajika. Ilibidi kwanza watu watengeneze pete kubwa, zenye nafasi katikati.

Benzeni iligunduliwa na Michael Faraday huko London mwaka 1825, katika mafuta yaliyobaki kwenye gesi ya taa. Mwaka 1845 Faraday huyohuyo aligundua kwamba vitu vingi tunavyodhani havihusiani na sumaku husukumwa nayo kidogo. Tabia hiyo inaitwa diamagneti. Mambo hayo mawili yalitoka kwa mtu mmoja, lakini yalikaa mbalimbali kwa karibu karne nzima.

Umbo la pete halikuchelewa sana kuthibitishwa. Kathleen Lonsdale, akiwa Leeds, alionyesha kwa eksirei mwaka 1929 kwamba pete ya benzeni ni bapa na pande zake sita zinalingana. Baadaye aligeukia sumaku, na mwaka 1936 alichapisha makala pamoja na K. S. Krishnan wa India kuhusu jinsi fuwele za molekuli za namna hii zinavyoitikia sumaku. Ukiziweka ili uga wa sumaku upite katikati ya pete, zinasukumwa kwa nguvu zaidi kuliko ukiziweka kwa ubavu. Kwa nini? Mwaka huohuo Linus Pauling alipendekeza kwamba elektroni zikiguswa na uga huo hutembea kuizunguka pete yote, kama umeme katika waya uliofungwa duara. Mwaka 1937 Fritz London, aliyekuwa amewakimbia Wanazi na kuhamia Paris, alilipa wazo hilo hesabu za fizikia ya kwanta. Hapo ndipo "mkondo wa pete" ulipozaliwa.

Lakini ulizaliwa kama maelezo tu. Mtu angeweza kusema hesabu inakubali, na bado akakataa kwamba kuna kitu kinachozunguka.

Kipimo kilichobadilisha mambo kilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni kile cha mwangwi wa sumaku wa viini, ambacho baadaye kilizaa mashine za MRI tunazozisikia hospitalini. Kipimo hiki huuliza kila haidrojeni katika molekuli: wewe unahisi uga kiasi gani? Jibu huandikwa kwa sehemu kwa milioni. Haidrojeni za kawaida zilizo kwenye kaboni zenye kiungo maradufu hujibu karibu 5 au 6. Zile za benzeni hujibu karibu 7.3. John Pople alieleza tofauti hiyo mwaka 1956 kwa kutumia mkondo wa pete. Mkondo huo hutengeneza uga wake mdogo, ambao nje ya pete unaongezea uga wa mashine, na ndani ya pete unaupunguza.

Msomaji atakuwa ameona tatizo. Haidrojeni zote sita za benzeni ziko nje, kwa hiyo nusu ya pili ya utabiri haikuwa na shahidi. Na kupanda kutoka 6 hadi 7 kunaweza kutafutiwa sababu nyingine.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu pete kubwa zilikuwa na historia yao. Kuanzia mwaka 1911 Richard Willstätter alitengeneza pete ya kaboni nane kwa kuanzia na dawa inayopatikana kwenye gamba la mkomamanga. Walioitarajia iwe dada ya benzeni walivunjika moyo, maana ilikuwa na tabia za kawaida kabisa, na wapo waliokataa kuamini kwamba aliitengeneza kweli. Miaka ya 1940 Walter Reppe aliipata tena kwa njia ya asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea, na Willstätter akaonekana alisema kweli. Wakati huo Erich Hückel alikuwa ameshatoa hesabu inayoeleza sababu. Pete bapa hutulia kama benzeni ikiwa elektroni zake za pai, ukizigawa kwa nne, zinabaki mbili: 6, 10, 14, 18. Nane haimo.

Kumi na nane imo. Aliyeitafuta alikuwa Franz Sondheimer, mzaliwa wa Stuttgart ambaye familia yake ilikimbilia Uingereza akiwa mtoto, kisha akafanya kazi Mexico na baadaye katika Taasisi ya Weizmann, Israel. Pamoja na Reuven Wolovsky alichukua molekuli fupi zenye kaboni sita, akaziunganisha tatu tatu kwa msaada wa shaba hadi zikafunga duara, akapanga upya viungo vyake na kuongeza haidrojeni. Mwaka 1959 walikuwa na anuleni ya kaboni 18. Ni pana kiasi kwamba haidrojeni 12 zinatazama nje na sita zinatazama ndani.

Ripoti ya vipimo ilitoka mwaka 1962. Kwenye baridi kali, haidrojeni za nje zilijibu karibu 9.3. Za ndani zilijibu karibu −3, chini ya sifuri, mahali ambapo haidrojeni ya hidrokaboni haitegemewi kabisa kuonekana. Ukiipasha molekuli joto hadi nyuzi 110, makundi yote mawili yanakuwa alama moja, kwa sababu haidrojeni zinabadilishana nafasi haraka. Nimejaribu hesabu hiyo mwenyewe: 12 kwa 9.3, toa 6 kwa 3, gawa kwa 18, unapata 5.2. Kipimo kilionyesha karibu 5.4. Kwa mtu asiyesomea kemia, hesabu ya darasa la saba inayokaribia hivyo matokeo ya maabara inatosha kumfanya aweke kalamu chini kwanza.

Haki inanitaka niseme kwamba pofirini, pete iliyomo kwenye damu na kwenye majani mabichi, zilikuwa zimeshaonyesha dalili kama hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini haidrojeni zake za ndani zimeshikwa na naitrojeni, na hilo linaacha mlango wa ubishi. Anuleni ni kaboni na haidrojeni tu.

Ushahidi ulionishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka kwenye pete ya kaboni 16, isiyotii kanuni ya Hückel. Mwaka 1966 Pople na Karl Untch walieleza kwamba katika pete za aina hiyo mkondo hugeuka upande. Na kweli, ikipozwa sana, haidrojeni zake za ndani hupanda zaidi ya 10 na za nje hushuka karibu na 5. Umbo linakaribiana na la kwanza, majibu yamepinduka. Sababu ya kubahatisha isingeweza kutabiri mambo mawili yanayopingana hivyo.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa darasani na kujadiliana kwa Kiswahili nje tuna shida na neno lenyewe. "Aromatiki" lilianza na harufu, na ukilitafsiri hivyo leo utampoteza msikilizaji, maana tangu miaka ya 1960 wengi wamelipima kwa mkondo wa sumaku wala si kwa pua.

Swali lililobaki ni ukubwa. Mwaka 1959 Longuet-Higgins na Salem walikadiria kwamba pete ikipita kaboni 30 hivi, viungo vyake vitaanza kupishana kimoja kifupi kimoja kirefu, na upekee wake kufifia. Kundi la Harry Anderson huko Oxford limepita mbali na hapo. Waliunganisha pofirini sita kuwa pete moja iliyozunguka kiunzi cha molekuli chenye miguu sita. Katika hali yake ya kawaida, kila pofirini ina mkondo wake mdogo na pete nzima haina. Wakiondoa elektroni nne, mkondo mkubwa unatokea ukiwa umegeuka. Wakiondoa sita, unarudi upande wa benzeni. Mwaka 2020 walitangaza pete yenye elektroni 162 katika mzunguko wake. Katika pete ile ya pofirini sita, mashahidi walikuwa haidrojeni za kiunzi kilichokaa ndani. Wataalamu wengine wa nadharia wamepinga, wakisema hesabu zao hazioni elektroni zikishirikiana kuzunguka pete hiyo yote, na kwamba mkondo unaopimika bado hautoshi kuiita aromatiki.