Kutoka Udhamini hadi Kupe: Sitiari na Mwenendo wa Siasa Arusha na Meru, 1951–1991

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na maamuzi yake yakatangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata serikali ilianza kutaifisha mabenki. Wataalamu wa historia ya uchumi wameeleza kwa kirefu ni mali gani zilitaifishwa na matokeo yake yalikuwa yapi. Jambo lililopewa uzito mdogo ni kwamba Azimio la Arusha liliandikwa kwanza kwa Kiswahili, na kwamba kitenzi kinachobeba hoja yake kuu, yaani kunyonya, kina picha ndani yake. Tafsiri ya Kiingereza inatumia neno exploitation, ambalo msomaji wake hukutana nalo pia katika habari za migodi na misitu, na ambalo halimkumbushi mwili wa mtu. Msikilizaji wa Kiswahili aliambiwa habari ya mdomo, kimiminika na mwili unaonyauka.

George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980, walishikilia kwamba sitiari ni njia ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la lugha. Mtu hulielewa jambo gumu kwa kuliazimia mpangilio wa jambo analolijua kwa mwili wake, kisha hutenda kwa kufuata mpangilio huo. Walisisitiza pia kwamba sitiari zenye nguvu zaidi ni zile zilizozoeleka hata hakuna anayezitambua kuwa ni sitiari. Mifano yao mingi ilitoka katika Kiingereza cha mazungumzo ya kila siku nchini Marekani. Arusha na miteremko ya Mlima Meru inatoa nafasi ya kuipima hoja hiyo kihistoria, kwa kuwa mahali hapo hapo, ndani ya kizazi kimoja, dhuluma ilielezwa kwa sitiari mbili tofauti, na kila moja ikawapeleka watu kwenye vitendo tofauti.

Mdhamini na mali ya aliyedhaminiwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi. Mfumo huo mzima ulijengwa juu ya picha ya familia na sheria ya mirathi: kuna mtoto ambaye hajafikia umri wa kushika mali yake, na kuna mtu mzima anayeishika kwa niaba yake. Ni picha ya kumdharau aliyefanywa mtoto, na wakoloni waliitumia hivyo. Lakini ina sharti ambalo picha ya himaya na raia wake haina. Mdhamini anaweza kudaiwa hesabu.

Wameru walilitumia sharti hilo. Tangu enzi za Wajerumani mashamba ya walowezi yalikuwa yamewazunguka Wameru na Waarusha kuanzia chini ya mlima, hata watafiti wakaueleza mzunguko huo kuwa pete ya chuma. Thomas Spear ameifuatilia historia hiyo katika Mountain Farmers (1997). Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili eneo hilo liunganishwe na mashamba ya Wazungu kwa ajili ya ufugaji. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alifika New York na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati lakini likakosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo habari za shauri hilo zilienea nchini kote na zikaingia katika hali iliyozaa TANU mwaka 1954.

Kwa uchambuzi huu, suala la msingi ni umbo la kitendo. Watu waliofukuzwa kwa moto walichanga fedha, wakaandika, wakamtuma mtu kuvuka bahari akatoe ushahidi. Ujasiri wao hauelezwi na sitiari, lakini njia waliyoifuata inaelezwa nayo kwa sehemu kubwa. Palipo na mdhamini pana pia anayemsimamia mdhamini, na mwenye malalamiko ana mlango wa kubisha.

Kunyonya

Kitenzi nyonya kina hali ya pekee. Maana yake ya kwanza ni tendo lisilo na hatia kuliko yote: mtoto hunyonya ziwa la mama yake, na mama humnyonyesha. Maana ya kisiasa inachukua tendo hilo hilo na kumbadilisha mtendaji. Anayenyonya sasa ni mtu mzima, mwenye nguvu, asiye jamaa, na kinachotoka si maziwa yaliyoumbwa yatolewe bali ni damu au jasho. Ubaya wa unyonyaji unatokana na mabadiliko hayo, na ndiyo sababu haukuhitaji kuelezwa kwa nadharia ya thamani ya ziada. Karl Marx naye alikuwa ameufananisha mtaji na mnyonya damu katika juzuu la kwanza la Das Kapital mwaka 1867, lakini wakulima wa Meru hawakuhitaji kumsoma. Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), amekusanya masimulizi ya Afrika Mashariki na ya Kati ya enzi za ukoloni kuhusu watu waliokamatwa na kutolewa damu. Katika Tanganyika wakamataji hao waliitwa mumiani au chinjachinja. James Brennan, katika makala yake ya mwaka 2006, ameonyesha jinsi msamiati wa kisiasa wa unyonyaji ulivyokaa juu ya masimulizi hayo. Mhutubu alipotamka mnyonyaji, msikilizaji alikuwa tayari na sura ya kuiweka.

Picha ya kunyonya ina kanuni zake za uchumi. Kimiminika kina kiasi maalumu. Kikiongezeka kwa mmoja kimepungua kwa mwingine. Kinakwenda upande mmoja. Anayekivuta hafanyi kazi yoyote isipokuwa kuvuta. Kanuni hizo ziliangaza mambo mengi ya kweli. Mtu wa Meru aliyeona ardhi ya babu yake ikiwa shamba la mlowezi, naye akienda humo kama kibarua, hakudanganywa na sitiari hiyo. Lakini kanuni hizo hizo hazina nafasi ya mtu anayehamisha bidhaa kutoka zinapopatikana hadi zinapotakiwa. Mchuuzi anayebeba chumvi hadi kijiji cha mbali hazalishi chumvi, na katika picha ya kunyonya asiyezalisha anavuta.

Mfano uliotia nguvu picha hii kuliko yote ni kupe, na kwa msikilizaji wa Arusha kupe alikuwa zaidi ya mfano wa uvivu. Katika nchi ya wafugaji, kupe anayekaa katika sikio la ng'ombe huleta ndigana kali, ugonjwa uliomaliza ndama wengi kabla na baada ya kujengwa kwa majosho. Hakuna mfugaji anayemdai kupe hesabu wala anayetaka kujua kama kupe amepata kwa haki au kwa dhuluma. Kupe huogeshwa dawa au hung'olewa. Hapa tofauti na udhamini inaonekana wazi: sitiari ya mdhamini ilikuja na baraza, sitiari ya kupe ilikuja na josho. Mrija, picha ya tatu ya wakati huo, nao ulikuja na mkasi, maana wito uliosikika ulikuwa wa kukata mirija. (Juu mlimani mbege hunywewa kwa kata na wala si kwa mrija, mrija ni wa soda, kinywaji cha dukani, jambo ambalo huenda liliisaidia picha hiyo kumwelekea mwenye duka.)

Waandishi wa Azimio waliijua hatari hiyo kuliko wanavyosifiwa. Kuna mambo mawili ya kuthibitisha. La kwanza ni masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika shirika la kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimhusu pia mke au mume wake. Hapa picha iliwekwa kando. Mnyonyaji alitambuliwa kwa chanzo cha mapato yake, jambo linaloweza kukaguliwa, wala hapakuwa na nafasi ya sura, asili au rangi yake. La pili ni onyo kwamba mikopo ya nje hujenga miji na viwanda lakini hulipwa kwa mazao ya wakulima, hivyo usipokuwapo uangalifu watu wa mijini watakuwa ndio wanyonyaji wa watu wa vijijini. Kwa onyo hilo Azimio liligeuza kidole kumwelekea msemaji mwenyewe. Siku tisa baada ya Azimio kutangazwa, tarehe 14 Februari 1967, Julius Nyerere alichapisha katika gazeti la The Nationalist makala ya kukanusha kwamba ujamaa ni ubaguzi wa rangi. Makala hiyo isingehitajika kama picha ya mnyonyaji isingekuwa tayari imepata rangi masikioni mwa watu.

Onyo kuhusu miji halikuota mizizi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na ununuzi wa mazao ukaachwa kwa mamlaka za serikali. Mkulima wa kahawa wa Meru alijikuta akiuza kwa chombo kimoja katika miaka ambayo bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kwa sababu ya baridi kali iliyoua mikahawa ya Brazili mwaka 1975, huku sehemu ya bei hiyo ikikatwa njiani kwa kodi na gharama. Kwa kipimo cha Azimio lenyewe hapo palikuwa na swali la unyonyaji. Halikuweza kuulizwa kwa urahisi, kwa kuwa kupe, kwa picha yake, ni kitu cha nje kilichojishikiza mwilini, na serikali ya TANU ilijiona kuwa ni mwili wenyewe. Mwaka huo huo ilifanyika Operesheni Maduka, iliyoyafunga maduka ya watu binafsi vijijini kabla ya ya ushirika kuwa tayari kushika nafasi yake. Mwenye duka alilingana na picha. Mamlaka ya mazao haikulingana.

Kupe ahama

Mwaka 1983 ulikuwa mgumu. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimemaliza akiba ya fedha za kigeni, na bidhaa za lazima zilikuwa haba. Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwenyeji wa Monduli, aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, ikafuatiwa na sheria maalumu na mahakama yake. Neno hujuma lilileta picha nyingine, ya adui wa siri wakati wa vita, lakini liliwaangukia watu wale wale. Wengi walimpenda Sokoine kwa ujasiri huo, na kifo chake katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 kiliombolezwa nchi nzima. Heshima hiyo haiondoi haja ya kutazama lililotokea sambamba na kampeni yake.

Mwaka huo huo wa 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Mijini watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa na wengine kupelekwa vijijini. Walikuwamo wachuuzi wadogo, vibarua wa kutwa na vijana waliokuwa wakitafuta ajira. Neno kupe, ambalo mwaka 1967 lilimlenga bepari na kabaila, lilikuwa limeshaanza kuwaangukia hao. Brennan amefuatilia uhamaji huu, hasa Dar es Salaam, na kuuhusisha na fikra za nani ana haki ya kuishi mjini. Kwa mtazamo wa isimu, uhamaji huo haukuwa upotoshaji wa sitiari. Sifa ya kupe ni kwamba hali kwa jasho lake. Kabaila anaingia katika sifa hiyo, na kijana asiye na ajira anaingia pia, kwa kuwa picha haina kipimo cha mali. Masharti ya uongozi yalikuwa na kipimo hicho, lakini yaliwahusu viongozi tu. Kwa wengine wote ilibaki picha peke yake, na picha ikafanya kazi yake mpaka kwa maskini ambao ilibuniwa kuwalinda.

Kunyonya na kula

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi. Makumbusho ya Azimio yapo Arusha hadi leo, lakini katika mazungumzo ya siasa msamiati wa kunyonya ulipungua na nafasi yake ikachukuliwa na kula, kitenzi kilichokuwapo siku zote katika kula rushwa na sasa kikazaa ulaji kwa maana ya cheo chenye manufaa. Jean-François Bayart aliifanya picha ya tumbo kuwa msingi wa uchambuzi wake wa dola za Kiafrika mwaka 1989. Kwa Kiswahili tofauti ya vitenzi hivi viwili ipo katika yambwa. Mnyonyaji humnyonya mtu. Kiambishi cha yambwa humtaja anayeumia ndani ya kitenzi chenyewe. Mla rushwa hula rushwa. Yambwa yake ni kitu, na aliyeumia hayumo katika sentensi. Wala hakuna kitendo kinachodaiwa na picha hiyo, kwa kuwa kila mtu hula, na anayelalamika anaweza kuambiwa kwamba zamu yake haijafika. Msemaji anayetaka kumrudisha mwenye kuumia analazimika kuingia katika kauli ya kutendea na kusema wametulia fedha zetu, ambapo viongozi ni walaji na wananchi wamo tena katika kitenzi, safari hii kama watu waliopotelewa na mali.