Vijana wa siku hizi, toleo la 1966

Kuna mzee ofisini kwetu ambaye kila kijana akiuliza habari ya posho humkata kauli kwa sentensi moja: "Nyie vijana wa siku hizi hamna uzalendo." Juzi kaisema tena. Nikacheka kimoyomoyo, maana sentensi hiyo ina umri mkubwa kuliko yeye.

Turudi Oktoba 1966. Bunge la Tanzania lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalazimisha wahitimu wa vyuo na sekondari kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Kwanza miezi kadhaa kambini, kisha mwaka na nusu kwenye ajira zao za kawaida huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Hebu fikiria: umekaa meza moja na mwenzako, mnafanya kazi ileile, yeye analipwa kamili na wewe unakatwa kwa sababu tu umemaliza chuo juzi.

Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba wakaandamana hadi Ikulu, baadhi wakiwa na majoho yao mekundu ya chuo. Bango moja likasema hata ukoloni ulikuwa afadhali. Jamani! Miaka mitano tu tangu Uhuru, unambebea Nyerere bango kama hilo mlangoni kwake? Hapo hata mimi ninayewatetea vijana nawaza, hawa waliteleza.

Lakini wasikilize. Hawakuona haki wao wabanwe ilhali mawaziri na wakubwa serikalini wanakula mishahara minono. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sidhani kama yupo aliyeitambua haraka kuliko mwenye nyumba. Mwalimu alifoka kweli kweli. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa chuo na kurudishwa makwao. Ila katika hasira hiyohiyo akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20, na vigogo wa serikali nao wakaguswa. Baada ya miezi michache, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi: marufuku kuwa na mishahara miwili, marufuku nyumba za kupangisha.

Sisemi Azimio lilizaliwa na maandamano yale, lilikuwa na sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba wazee walidai kujinyima, vijana wakauliza "na nyinyi je?", na swali likajibiwa kwa fedha, siyo kwa hotuba peke yake. Bila jibu hilo, sijui nani angekwenda kambini kwa moyo. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, na wahitimu waliofuata wakaenda kupokea amri za maafande ambao pengine hawakuiona sekondari.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005. "Kijana asiye na uzalendo" akaishia kukalia kiti cha mhimili uleule uliopitisha sheria aliyoipinga.

Nilimsimulia mzee wetu haya yote wakati wa chai. Akanyamaza kidogo, akakoroga kikombe, akaniuliza: "Kwani wewe posho yako ni kiasi gani?" Nikamtajia. Kumbe hakuwa akijua.