Taarifa za Mteja Zinapovuja Kutoka kwa Wakili: Njia za Kisheria Alizonazo Mwananchi

Mwananchi anayefika katika ofisi ya wakili huacha mezani mambo mengi zaidi ya ada. Huacha nakala ya hati ya kiwanja, Kitambulisho cha Taifa, mkataba wa mauzo, wosia ambao hata watoto wake hawajauona, na pengine cheti cha daktari kinachoeleza madhara aliyoyapata kazini. Nyaraka hizo zikidukuliwa, zikiibwa pamoja na kompyuta au zikitumwa kimakosa kwa mtu asiyehusika, madhara yake huwa mazito. Nywila hubadilishwa kwa dakika moja, lakini wosia uliokwisha kusomwa na wasiostahili haurudi kuwa siri.

Sheria za Tanzania zimeweka njia kadhaa za kumsaidia mwananchi aliyepatwa na mkasa huo. Hata hivyo, kila njia ina matokeo yake: ipo inayoleta fidia, ipo inayomwadhibu mhalifu na ipo inayomwajibisha wakili kitaaluma. Asiyezitofautisha anaweza kushinda shauri na bado asipate alichokuwa akikitafuta.

Wajibu wa ofisi ya wakili

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kulindiwa faragha yake. Haki hiyo ilipewa nguvu zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, ofisi ya wakili inayokusanya na kutunza taarifa za watu ni mkusanyaji, na mtu ambaye taarifa ni zake ni mhusika wa taarifa. Mkusanyaji anatakiwa kutumia taarifa kwa lengo lililokusudiwa tu, kutozihifadhi kwa muda unaozidi mahitaji, na kuweka ulinzi wa kutosha dhidi ya upotevu au matumizi yasiyoidhinishwa. Usalama wa taarifa ukivunjwa, anawajibika kuiarifu Tume bila kuchelewa.

Ulinzi huu hauwahusu wateja peke yao. Jalada la kesi huwa na majina ya mashahidi, ya mwenza katika shauri la talaka na hata ya mpinzani wa mteja. Watu hao nao ni wahusika wa taarifa na wanaweza kulalamika mbele ya Tume, ingawa hawana mkataba na wakili huyo. Mteja ana ngao ya ziada, kwa kuwa wakili anabanwa pia na wajibu wa kutunza siri ya mteja, wajibu ambao haukomi kesi inapomalizika wala ada inapolipwa.

Funzo kutoka Uingereza

Baadhi ya ofisi hujitetea kwamba nazo ni waathirika, kwa kuwa zimevamiwa na wahalifu. Utetezi huo una mipaka. Nchini Uingereza, mwezi Agosti 2020, wahalifu waliingia katika mifumo ya kampuni ya mawakili ya Tuckers, wakafunga faili 972,191 na kudai malipo ya ukombozi. Kati ya faili hizo, 24,712 zilihusu majalada ya mahakama, na majalada 60 yalichukuliwa na kuwekwa katika soko la siri la mtandaoni.

Mwezi Machi 2022, mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 98,000. Mamlaka ilibaini kuwa kampuni haikuweka hatua ya pili ya uthibitisho kwa wanaoingia kwenye mfumo wakiwa nje ya ofisi, na ilichelewa kwa takribani miezi mitano kusakinisha sasisho la usalama lililokwisha kutolewa. Hoja iliyoamua shauri ilikuwa iwapo kampuni ilichukua tahadhari za kutosha kabla ya kuvamiwa. Aidha, faini ya namna hiyo huingia katika mfuko wa Serikali. Mwenye jalada lililochapishwa hudai fidia yake kwa njia nyingine.

Hatua za siku za mwanzo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuchagua njia ya kisheria, mwathirika anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Kuiandikia ofisi ya wakili barua inayouliza ni taarifa zipi zimevuja, lini, nani amezipata, hatua gani zimechukuliwa na iwapo Tume imearifiwa. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa na itunzwe.

2. Kuhifadhi ushahidi wote: ujumbe wa simu, barua pepe, taarifa ya akaunti ya benki, risiti za gharama na tarehe ya kila tukio.

3. Kupiga *106# ili kuhakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yake ya Kitambulisho cha Taifa, na kutuma kwenda namba 15040 namba za matapeli wanaomtumia ujumbe.

4. Kuiarifu benki yake, na iwapo nakala ya hati ya ardhi imo katika nyaraka zilizovuja, kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujiridhisha kuwa hakuna muamala uliofanyika bila ridhaa yake.

Njia ya kwanza: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Mhusika wa taarifa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza na kumwamuru mkusanyaji kurekebisha kasoro. Sheria inaitaka Tume kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90, na muda huo unaweza kuongezwa pale inapobidi. Mkusanyaji aliyekiuka sheria anaweza kutozwa faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Faini hiyo si malipo kwa mlalamikaji. Hata hivyo, Tume inaweza kuamuru mwathirika alipwe fidia. Kwa sababu hiyo, malalamiko yaeleze wazi hasara iliyopatikana na fidia inayoombwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Njia ya pili: Kamati ya Maadili ya Mawakili

Kwa Tanzania Bara, mwenendo wa mawakili husimamiwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Wakili aliyefichua siri ya mteja, au aliyezembea kiasi cha kukiuka maadili ya taaluma, anaweza kulalamikiwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Mawakili. Kamati inaweza kumwonya, kumsimamisha au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha ya mawakili. Njia hii humfaa anayetaka uwajibikaji na kinga kwa wateja wengine. Mwenye lengo la kurudishiwa fedha zake haifai aitegemee peke yake.

Njia ya tatu: Jinai

Udukuzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwathirika anapaswa kutoa taarifa kituo cha polisi na kupewa namba ya kumbukumbu, maarufu kama RB, ambayo benki na kampuni za simu mara nyingi huihitaji kabla ya kushughulikia lalamiko lake. Aidha, mfanyakazi wa ofisi ya wakili anayetoa taarifa za mteja kinyume cha sheria anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuadhibiwa kwa faini au kifungo.

Njia ya nne: Shauri la madai mahakamani

Mteja anaweza kufungua shauri akidai kuwa wakili amevunja mkataba, au kwamba amesababisha hasara kwa uzembe. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mkataba na miaka mitatu kwa madai ya uzembe. Anayesubiri muda mrefu hupoteza haki yake hata kama ukweli uko upande wake.

Mahakama hutofautisha fidia mahsusi na fidia ya jumla. Fidia mahsusi, kama vile fedha zilizochotwa benki, ni lazima itajwe kwa kiasi na kuthibitishwa kikamilifu. Fidia ya jumla, ikiwemo ya usumbufu na fedheha, hupimwa na mahakama yenyewe. Ugumu mkubwa huwa katika kuonesha kiini cha hasara. Nakala ya kitambulisho iliyo kwa wakili huenda ipo pia benki, kwa wakala wa simu na katika nyumba ya wageni. Mdai hana budi kuonesha, kwa tarehe na nyaraka, kwamba aliyemtapeli alitumia taarifa zilizotoka katika jalada la wakili huyo.

Pale walioathirika wanapokuwa wengi na madai yao yanafanana, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu wachache kuwawakilisha wenzao kwa kibali cha mahakama, jambo linalopunguza gharama kwa kila mmoja.

Tahadhari kabla ya kusaini

Ofisi iliyovujisha taarifa inaweza kupendekeza maelewano. Maelewano ni halali na mara nyingi huokoa muda, lakini mwananchi asome kwa makini kila kifungu. Hati inayosema kuwa mlipwaji hatakuwa na dai lolote siku zijazo inaweza kumfungia mlango, ilhali madhara ya taarifa zilizovuja huweza kujitokeza baada ya miezi mingi.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili mwingine anaweza kuomba huduma kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aende na barua aliyoiandikia ofisi ya wakili, namba ya RB na orodha ya hasara yenye tarehe, kwa kuwa nyaraka hizo tatu ndizo zitakazomwezesha mtoa msaada kumshauri ni njia ipi aanze nayo.